Panya Hazuiwi na Sumu, Anazuiwa Siku Unayoegesha Mashine

Leo naomba tuongee kuhusu panya. Najua wapo watakaosema huu ni ukurasa wa biashara, panya wanahusiana vipi na kuuza mtandaoni? Wanahusiana sana, hasa kama unauza pampu za maji, pawatila, mabomba ya kupulizia dawa, mashine za kupukuchua mahindi, spea za bodaboda, au una kirikuu chako cha kupelekea mizigo.

Duka langu lipo Morogoro. Sijasomea ufundi, nimeishia kidato cha nne. Haya ninayoandika nimeyapata kaunta, kwa mafundi, na kwa kuulizauliza watu wa kilimo. Wateja wangu wengi hawajawahi kukanyaga dukani. Mtu yupo Ifakara, Mlimba au Dumila, ameona picha, ametuma hela, mzigo umepanda basi. Mashine ikimfikia anafurahi, anakutumia video inavyonguruma. Mnaagana vizuri.

Sasa kaa miezi saba au minane. Msimu unarudi, simu inaita: "Kaka, ile mashine uliyoniuzia ni feki. Haiwaki."

Ukibahatika fundi wa kule akaifungua na kukutumia picha, unaona kiota. Majani makavu na sponji ya kiti vimejaa kwenye chujio la hewa, ile mafundi wanaita eakilina. Mpira wa mafuta umetobolewa. Waya wa koili umetafunwa. Mashine haikuwa feki, ililala na panya. Lakini mteja ameshaandika kwenye kundi la wakulima kwamba wewe ni tapeli, na watu mia mbili wameshasoma. Utabishana na wangapi?

Ndo maana nasema suala la panya ni suala la jina lako la biashara.

MSIMAMO WANGU

Nauweka wazi mapema ili usisome mpaka mwisho ukitafuta. Sisi wauzaji tumezoea kumuuzia mteja sumu ya panya baada ya hasara. Mimi naona tumegeuza mambo. Panya anazuiwa siku ile mashine inaegeshwa, kwa kusafisha, kuziba na kukagua. Sumu ni ya mwisho kabisa, na mara nyingi haihitajiki. Na mtu wa kumwambia mteja hilo ni wewe uliyemuuzia mashine, siku ileile unayomuuzia.

Wengine hawatakubaliana na mimi. Tutafika huko. Kwanza tumuelewe huyu panya.

KWANINI PANYA ANAPENDA MASHINE

Panya anatafuta vitu vitatu tu: chakula, mahali pa kujificha, na vitu vya kutengenezea kiota. Mashine iliyolala inampa vyote.

Chakula: mashine ya kupukuchua imebaki na punje za mahindi ndani. Kirikuu kina pumba kwenye kona za bodi. Wewe huoni kitu, lakini panya ananusa. Usidharau pua ya panya. Hapahapa Morogoro, pale SUA, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyofanya Kambodia. Panya buku sio huyu anayekutafunia nyaya, ni wa aina nyingine. Lakini ukoo mzima wa panya unaishi kwa pua. Kiganja kimoja cha mpunga uliosahaulika kwenye mashine kwao ni kama umepiga kengele ya chakula.

Kujificha: kapu la eakilina ni giza, kavu, lina mlango mmoja mdogo. Paka haingii. Bundi haingii. Bomba la moshi nalo ni hivyohivyo. Chini ya kiti cha bodaboda, nyuma ya dashibodi ya kirikuu, ndani ya boksi la nyaya la trekta, yote hayo kwake ni vyumba vya kupanga bila kodi.

Kiota: sponji ya kiti, nguo iliyosahaulika, boksi la karatasi, majani yaliyonasa kwenye visu vya pawatila.

Na kwanini anatafuna nyaya wakati sio chakula? Kwa sababu meno yake ya mbele hayaachi kuota maisha yake yote. Asipotafuna yanarefuka mpaka ashindwe kula. Kwa hiyo anatafuna plastiki, mpira, mbao, chochote kinacholingana na mdomo wake. Hakuchukii wewe, anatunza meno.

Kuna mambo mawili ya kukariri, kwa sababu kazi yote inakaa hapo.

La kwanza ni tundu. Panya mdogo wa nyumbani anapita kwenye tundu la milimita 6, yaani upana wa penseli. Kichwa kikipita, mwili unafuata. Panya wakubwa wanahitaji kama milimita 12, na watoto wao wanaanzia hapo. Mtu anayekwambia "stoo yangu haina matundu" mpe penseli azunguke nayo ukutani na chini ya mlango.

La pili ni siku. Panya mdogo wa nyumbani anabeba mimba kama siku 19 mpaka 21. Panya shamba, yule anayesumbua sana mashamba ya Tanzania, ni kama siku 23, na kwa mkupuo mmoja anaweza kuzaa 10 au zaidi. Tena panya shamba anaanza kuzaliana mvua kubwa zinapokolea, anaendelea mpaka kiangazi, na idadi yake inakuwa kubwa shambani chakula kinapoanza kuisha. Hapo ndo wanahamia majumbani na kwenye mabanda. Angalia hiyo miezi vizuri: pawatila imemaliza kulima, imeegeshwa, hakuna anayeigusa.

Sasa piga hesabu. Ukikagua mashine kila baada ya siku 14, panya aliyeingia jana hajapata nafasi ya kujenga, kubeba mimba na kulea. Ukikagua baada ya miezi sita, hukuti panya, unakuta ukoo.

KWANINI SUMU SIO JIBU LA KWANZA

Sisemi sumu haiui. Inaua. Swali ni inaua nani, inamuulia wapi, na baada ya hapo nini kinafuata.

Sumu nyingi za dukani zinazuia damu isigande. Panya akila leo hafi leo, anachukua siku kadhaa. Katika siku hizo anarudi kwenye kiota chake. Kiota kipo wapi? Ndani ya mashine yako. Kwa hiyo anafia kwenye eakilina au nyuma ya dashibodi, na utaijua harufu yake wakati unajaribu kumwonyesha mteja kirikuu.

Pili, anayekula panya mwenye sumu naye anaathirika. Paka wako, na bundi ambaye amekuwa akikulindia banda bila mshahara. Unaua walinzi wako mwenyewe.

Tatu, na hili ndo linaniuma zaidi, ni zile sumu za kwenye karatasi, zisizo na lebo, zinazouzwa kwa kupiga debe stendi na siku hizi kwenye makundi ya WhatsApp. Hazina jina la kemikali, hazina maelekezo, hazina neno hata moja la nini cha kufanya mtoto akila. Tanzania tuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na kiuatilifu kinatakiwa kiwe kimesajiliwa kabla ya kuuzwa. Ndugu yangu unayeuza mtandaoni, ukituma karatasi ya unga usiojua ni nini kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka miwili na kuku kumi, hiyo sio biashara ndogo, ni kesi kubwa inayosubiri siku yake. Faida ya buku moja haifai.

Nne, sumu haizibi tundu. Umeua watano, nafasi imebaki wazi, chakula kipo palepale. Wa jirani wanahamia. Mwezi ujao mteja ananunua tena sumu. Kwa anayeuza sumu hiyo ni biashara nzuri, kwa mwenye mashine ni kulipa kodi ya ujinga.

NA VILE VIFAA VYA SAUTI JE?

Umeviona. Vinachomekwa kwenye umeme, vina taa ya bluu, vinadaiwa kutoa sauti ambayo binadamu hasikii lakini panya anakimbia. Vinauzika sana mtandaoni kwa sababu vinapendeza kwenye picha.

Mwaka 2001 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, iliwaandikia barua ya onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa vya namna hiyo, ikiwakumbusha kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Tatizo lake linaeleweka hata bila maabara: sauti hiyo haipenyi ukuta wala boksi, inaishia kwenye kitu cha kwanza inachokutana nacho. Na panya anaizoea. Isitoshe, kwenye banda la shamba lisilo na umeme utaichomeka wapi?

Naftalini, zile pipi nyeupe za kabatini, nazo watu wanazitupa kwenye injini. Harufu inaisha, panya anabaki, na mvuke wake sio mzuri kwa mtu atakayepanda kwenye hicho chombo. Mafuta ya mnanaa ni hivyohivyo, leo yananukia, wiki ijayo hakuna kitu.

Siwazuii kuuza. Ila usimwandikie mteja "panya wote wataondoka ndani ya siku 3" wakati wewe mwenyewe dukani kwako umeweka mtego.

KINACHOFANYA KAZI

Haya ndo ya kufanya siku ya kuegesha. Hayahitaji hela nyingi. Kwa bei za hapa dukani kwangu, stilwaya kadhaa za kusugulia sufuria, kipande cha wavu wa chuma na mitego miwili havifiki bei ya mpira wa mafuta na eakilina mpya pamoja na nauli ya fundi.

1. Safisha mpaka ndani. Mashine ya kupukuchua iwashe ikiwa tupu mpaka punje ziishe, kisha izime, funika na fagia zilizobaki. Kirikuu, toa makapeti, fagia kona za bodi. Visu vya pawatila, toa majani yaliyojisokota.

2. Usilaze mashine na chakula. Pawatila na magunia ya mpunga kwenye chumba kimoja ni kumweka panya kitanda na jiko pamoja. Kama chumba ni kimoja tu, nafaka ikae kwenye pipa la chuma lenye mfuniko au chombo kinachofungwa kabisa, kisha juu ya chaga.

3. Ziba matundu. Shindilia stilwaya kwenye tundu, halafu malizia na saruji. Matambara, mifuko na povu peke yake panya anatafuna. Chini ya mlango wa mbao pigilia kipande cha bati, ukiacha nafasi ndogo kuliko penseli. Dirisha liweke wavu wa chuma wenye matundu yasiyofika milimita 6.

4. Ziba midomo ya mashine. Bomba la moshi likishapoa, lizibe na stilwaya, ulifunge na kitambaa chekundu kinachoning'inia nje. Tundu la kuvutia hewa usilisokomezee stilwaya ndani, vipande vinaweza kuvutwa mpaka kwenye injini. Lifunike kwa nje na kipande cha wavu. Kitambaa chekundu kingine kifunge kwenye ufunguo au mpini, ili siku ya kuwasha ukumbuke kutoa vyote.

5. Usifunike mpaka chini. Watu wanapenda kufunika trekta au pikipiki na turubai mpaka liguse ardhi. Umemjengea hema. Acha wazi shubiri moja chini, mwanga upite, paka aone, na wewe uone.

6. Acha nafasi. Mashine isiegemee ukuta. Panya anapenda kutembea amegusa ukuta, kwa hiyo mashine iliyobanwa ukutani ipo njiani kwake. Acha nafasi ya mtu kupita kuzunguka. Nje ya banda, fyeka majani yasiguse ukuta, pabaki ardhi tupu kama hatua moja. Panya anaogopa kuvuka mahali pa wazi.

7. Tega mitego, lakini sio ndani ya mashine. Ukiweka chambo kwenye injini unamwita pale ambapo hutaki afike. Tega kando ya ukuta, upande wenye chambo ukiutazama ukuta. Karanga iliyosagwa, dagaa au kipande cha nazi iliyochomwa vinafaa. Panya wakubwa wanaogopa kitu kipya, kwa hiyo siku mbili tatu za mwanzo weka chambo bila kufyatua, wale wazoee, ndipo utege kweli.

8. Kagua kila baada ya siku 14. Hili ndo lenye uzito kuliko yote saba ya juu. Fungua eakilina, inua kiti, angalia nyaya kwa tochi. Nyunyiza majivu kidogo kando ya ukuta, kesho yake utaona nyayo kama zipo. Mavi mapya ni meusi, laini, yanang'aa. Ya zamani ni makavu na yanavunjika. Kama chombo kinaweza kutembea, kikague kwanza, kisha kiwashe na kukisogeza. Kisichokaa mahali pamoja hakimfai mtu wa kujenga.

WEWE MUUZAJI, ANZA NA MZIGO WAKO

Kabla ya kumfundisha mteja, angalia stoo yako. Maboksi ya karatasi ni malighafi ya kiota. Pampu iliyokaa kwenye boksi chini sakafuni miezi mitano, ukaituma bila kufungua, unatuma bahati nasibu. Weka mizigo juu ya chaga au rafu, mbali na ukuta. Usile chakula stoo ukaacha makombo. Na kabla ya kufunga mzigo wa kusafirisha, fungua boksi, piga picha nyaya, mpira wa mafuta na eakilina, mtumie mteja. Picha hiyo inafanya kazi mbili: inamtuliza yeye leo, na inakulinda wewe kesho.

Wauzaji wa mashine za mtumba ndo mnahitaji hili zaidi. Mteja wa mtumba anaogopa. Ukimwonyesha picha ya chini ya kiti na ya boksi la nyaya bila kuombwa, umewashinda wauzaji wengi wanaopiga picha ya rangi tu.

SIKU YA KUWASHA

Hapa watu wanaharibu hata mashine iliyokuwa na nafuu. Mvua zimenyesha, mtu ana haraka, anavuta kamba palepale. Kama eakilina ina kiota, unavuta takataka ndani ya injini. Kama waya umechunwa na kuna petroli inayodondoka kwenye mpira uliotobolewa, unacheza na moto.

Mpangilio ni huu: toa vitambaa vyekundu, stilwaya na wavu. Fungua eakilina. Fuata nyaya kwa macho na kidole. Angalia mpira wa mafuta. Chombo chenye betri, chomoa waya wa hasi unapoegesha na uurudishe baada tu ya ukaguzi. Halafu ndo uwashe.

Ukikuta mavi au kiota, usifagie kikavu na usipulize na kompresa. Vumbi lake linaingia puani. Vaa glavu na barakoa, fungua milango hewa ipite, nyunyizia maji yenye dawa ya kuua vijidudu kama jiki, sehemu moja ya jiki kwa kumi ya maji, acha dakika tano, kisha futa na kitambaa. Panya wanabeba magonjwa kweli. Homa ya mgunda inasambaa kwa mkojo wao, na watu wa Lushoto wanaujua tauni kwa kuuona, tangu mwaka 1980. Viroboto wa panya ndo wanaoubeba. Hili sio la kufanyia mzaha.

"LAKINI MTEJA AKIHARIBU SI ATANUNUA SPEA KWANGU?"

Hili ndo pingamizi ninalolisikia kwa wauzaji wenzangu, wengine wanalisema kwa kucheka, wengine wanalimaanisha. Wanasema ukimfundisha mteja kutunza umejiua mwenyewe. Mpira wa mafuta, eakilina, koili, hizo ndo hela za msimu.

Nawaelewa. Hata mimi nauza spea. Lakini fikiria kama mteja. Mashine inamgomea siku mvua imenyesha, vibarua wameshafika, jirani anamaliza kulima. Siku hiyo hakusubiri wewe umtumie spea kwa basi. Anakwenda duka lolote la karibu, analipa bei yoyote. Spea umekosa. Na hasira ya siku hiyo anakubebesha wewe uliyemuuzia mashine. Faida ameichukua mwingine, lawama umebaki nayo wewe.

Sasa chukua yule uliyemkumbusha. Amekagua Septemba, amekuta mpira umeanza kutafunwa, mvua bado. Anakupigia kwa utulivu: "Kaka nitumie mpira na eakilina." Umeuza spea ileile, kwa mtu asiye na hasira, na ana muda wa kusubiri basi. Anayekagua ananunua kidogokidogo kwako. Anayeharibikiwa ananunua mara moja, kwa mwingine.

Wengine wanasema paka anatosha. Paka anasaidia, mimi mwenyewe ninaye. Lakini paka haingii kwenye eakilina. Paka ni mlinzi wa uwanja, milango ya vyumba funga wewe.

Wengine watasema wateja wetu hawasomi maelekezo. Kweli hawasomi kijitabu cha Kichina na Kiingereza kilichofungwa kwenye nailoni. Meseji fupi ya Kiswahili kutoka kwa mtu anayemjua wanasoma.

MESEJI YA KUNAKILI

Nimewawekea hii, badilisheni mnavyotaka. Itume siku mzigo unapofika:

"Habari kaka/dada, asante kwa kununua kwetu. Ukimaliza msimu, kabla ya kuegesha mashine: isafishe mabaki yote, usiilaze na nafaka, ziba bomba la moshi na stilwaya na ufunge kitambaa chekundu, funika tundu la hewa kwa nje na wavu. Kila baada ya wiki mbili fungua eakilina na uangalie nyaya, panya hupenda kuingia humo. Kabla ya kuwasha tena, toa vizuizi vyote na ukague kwanza. Ukiona kitu nitumie picha."

Halafu andika kwenye daftari tarehe ya kumkumbusha. Pawatila wanamaliza kulima, kumbusha. Pampu za kumwagilia zinapumzika masika, kumbusha. Meseji ya pili iwe ya mstari mmoja tu: "Habari za siku nyingi, umeshaikagua mashine mwezi huu?" Usiweke tangazo ndani yake. Mteja anayekumbukwa bila kuuziwa kitu ndiye anayekuletea shemeji yake.

Na ukiwa na dhamana dukani kwako, sema wazi tangu mwanzo: uharibifu wa panya unahusika au hauhusiki? Andika. Mambo ya "tutaangalia" ndo yanaleta ugomvi kwenye makundi.

NIMALIZIE

Kuuza mtandaoni ni kumwomba mtu asiyekujua akuamini kwa picha. Imani hiyo haivunjwi na matapeli peke yao, hata panya mwenye uzito wa gramu chache anaivunja, kwa kutafuna waya mmoja kwenye banda ambalo hujawahi kulifika. Huwezi kwenda kila banda. Lakini unaweza kumwachia mteja maneno machache yatakayomlinda wewe usipokuwepo.

Kwa hiyo kabla hujapakia tangazo la sumu wiki hii, fungua orodha ya watu uliowauzia mashine mwaka jana. Watumie ile meseji. Haina gharama zaidi ya bando.

Wewe unauza nini, na panya wamekusumbua wapi? Kama unapinga hoja yangu ya spea, andika hapo chini tujadili kwa heshima. Na kama kuna mwenzako anauza pampu au pawatila, mtumie somo hili kabla wateja wake hawajaanza kupiga simu.